Sekunde Kumi na Moja za Shomari Hayupo

Siku niliyokwenda kuthibitisha kwamba niko hai nilivaa suruali safi. Mengine nitakayosema unaweza kuyapunguza kidogo ukipenda, maana najijua nilivyo, lakini suruali usiiguse. Ilikuwa safi na ilikuwa imepigwa pasi mpaka mkunjo ukasimama wenyewe.

Mji wenyewe jina lake silikumbuki, na nina wasiwasi kwamba hata wenyeji walikuwa wamelisahau. Ulikuwa mji wa saa nne asubuhi. Sisemi kwamba nilifika saa nne. Nasema saa nne ndiyo ilikuwa hali ya hewa ya pale, kama kwingine kulivyo na baridi au vumbi. Jua lilikaa juu ya paa la ukumbi na halikwenda popote. Watu walikunywa chai ya asubuhi, wakamaliza, wakakuta bado ni asubuhi, wakainjika nyingine. Wapo waliooana saa nne, wakazaa saa nne, wakazeeka saa nne ileile, wakajikuta na mvi wasijue wamlaumu nani.

Jambo la pili utakaloliona ukifika pale ni kwamba hakuna anayempisha mwenzake. Mwanamke anakuja na beseni la nyanya kichwani, mwanamume anakuja na mkokoteni, wanaonana tangu mbali, wanaendelea mpaka wanagongana. Nyanya zinamwagika. Wanajuliana hali, wanaokota pamoja, kila mmoja anashika njia yake na uvimbe wake. Mlango ukiwa nusu wazi, mtu anaingilia ile nusu iliyofungwa. Nilimkuta muuza kahawa amekaa kwenye kibao chake na mbuzi anamjia na pembe, polepole kabisa, mbuzi asiye na haraka ya maisha. Nikamwambia, "Ndugu yangu, sogea basi kidogo." Akanitazama kama niliyemwambia apumue kwa masikio.

"Kusogea ndiyo nini?" akauliza, na mbuzi akafika.

Nilijua kitu hicho kilivyotoka katika mji ule, na nilimjua aliyekitoa. Nilikuwa nimemnyoa ndevu asubuhi hiyohiyo mbele ya kioo.

Sasa, uhakiki. Kila mwaka wastaafu wa mji ule huitwa ukumbini wahakikiwe kwamba bado wapo. Kwingine utapeleka kitambulisho na picha mbili, utatia dole gumba, utaambiwa faili halionekani, urudi Jumatatu. Pale waliona huo ni usumbufu. Karatasi inaghushiwa, picha inaazimwa. Ngumi haiazimwi. Unasimama juu ya gunia la sukari lililotandikwa sakafuni, Mhakiki anakupiga ngumi ya uso, ikitua karani anaandika: yupo. Zikirushwa ngumi tatu na zote zisitue, karani anaandika: hayupo. Kuanzia hapo huna kadi ya maji, huna kitanda hospitalini, na jirani yako ana ruhusa ya kuanika nguo zake barazani kwako. Lakini hakuna aliyewahi kuandikwa hivyo. Nani atakosa kupigwa katika mji ambao hata mbuzi hakwepwi?

Jambo hili nimelifikiria sana. Mimi sikusoma falsafa. Nilisoma magazeti yaliyofungiwa vitumbua, na falsafa nyingi huwa iko upande wenye mafuta. Nikajiuliza: mtu yupo kwa sababu amepigwa, au alipigwa kwa sababu alikuwepo kabla? Kama ngumi ndiyo ushahidi wangu, basi mimi ni mali ya mwenye ngumi, na siku akichoka kunipiga nitakuwa nimekwisha. Niliwatazama wazee kwenye foleni, pua zimelala, nyusi zimeshonwa, na wote wana furaha ya kuandikwa. Mmoja alikuwa anamwonyesha mwenzake jino alilopoteza mwaka jana, amelifunga kwenye kitambaa kama cheti. Hakuna aliyewalazimisha. Ndicho kilichoniogopesha. Mamlaka ya kweli, nikawaza, ni yale yanayokufanya uulize foleni inaanzia wapi.

Na mimi nikauliza foleni inaanzia wapi.

*

Miaka thelathini na moja nilikuwa mpiga kengele wa ulingo wa ngumi wa mji ule. Sikuwahi kupigana. Nilikaa mezani chini ya kamba, na saa mkono mmoja, na nyundo ndogo mkono wa pili, jicho moja kwa mabondia na jingine kwa mshale wa sekunde, ndiyo maana mpaka leo macho yangu hayaelewani. Niliijua kazi. Niliwahi kuipiga kengele ile kwa nguvu hata mvua ikaacha kunyesha, ikaenda kukaa kwenye kona yake dakika nzima. Wanaokataa hawakuwepo.

Na niliiba. Nitasema hapa hapa mapema ili nisionekane nimebanwa. Ukipiga kengele kabla ya wakati, sekunde zilizobaki haziyeyuki. Zinaanguka chini ya meza, ndogo, ngumu, kama njugu mawe zilizokauka. Nilikuwa naziokota na kuzitia kwenye kopo la majani ya chai. Mbili nilizitumia kumalizia sala. Nne zilichemshia yai. Moja nilimpa shangazi yangu alipokuwa anakata roho, akaitumia kunitukana. Lakini ziko kumi na moja ambazo sikuweza kuzitumia kwa lolote. Nilihama nazo nyumba sita. Kila nikitikisa kopo, zinalia jina la mtu.

Foleni ya mji ule ina tabia yake. Ukisimama nyuma ya mtu muda wa kutosha, unaanza kuwa yeye. Nyuma ya mzee wa kwanza nilipata kikohozi chake na wajukuu wake tisa. Nyuma ya wa pili nilijikuta nimefanya kazi reli, na nina kinyongo na mtu anayeitwa Mdoe. Kila waliyempiga mbele yetu alitoka, foleni ikasogea, nami nikabadilika. Kisha nikafika nyuma ya mgongo mpana uliovaa shati la kijivu, wenye shingo ngumu kama mpini wa jembe, na kabla sijaona uso wake nikawa ndani yake.

Shingo. Hii shingo. Iliyonitupa raundi ya tisa.
Ilikuwa inajua. Kabla yangu ilikuwa inajua. Ngumi ikitoka kule, shingo tayari.
Halafu siku moja ikalala. Mbele ya watu wote.
Nimekula na mnafiki. Nimelala na mnafiki, juu ya mto mmoja.
Leo piga. Piga uso huu, ubebe na jicho lililobaki. Nini nilichobakiza kukitazama.

Nikajitoa ndani yake kama mtu anayetoa mguu kwenye tope. Nilimjua. Kopo likatikisika kwenye koti langu bila kuguswa.

*

Alikuwa Shomari. Shomari Hayupo, walivyomwita, na jina hilo alipewa na mpinzani wake wa kwanza, aliyerudi kwenye kona yake akihema na kumwambia mwalimu wake, "Mwalimu, nampiga, hayupo." Basi likabaki hilo.

Hao vijana wa leo wanaosimama kama milango miwili na kubadilishana makonde mpaka mmoja atoke bawaba, hawawezi kuamini nikiwaeleza. Shomari hakukimbia. Mwalimu Mponda alimfundisha juu ya gunia la sukari, na mguu ulikuwa hauruhusiwi kutoka nje ya gunia. Mwalimu alisimama hatua tatu mbele na kapu la ndimu, akamrushia, kushoto, kulia, kichwani, kifuani. "Ukitoka kwenye gunia umekimbia," alikuwa anasema. "Ukipigwa umelala. Hapo katikati ndipo kazi ilipo." Miezi minane ya ndimu. Shomari akajifunza kutotazama ngumi hata siku moja, kwa sababu ngumi ni habari iliyochelewa, akatazama bega, ambako habari inaandikwa. Akajifunza kuipangua ngumi kwa kiganja wazi, bila chuki, kama unavyosogeza pazia. Akajifunza kulizungusha bega ili konde liteleze juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Na akajifunza kilicho kigumu kuliko vyote, kutia chambo: unalegeza goti, unatoa kidevu, unahema kama mtu aliyekwisha, mwenzako anajitupa mzima mzima, na anapofika hakukuti hapo ulipokuwa.

Kulikuwa na somo la mwisho. Mwalimu Mponda aligonga sufuria, na hapo hapo mikono chini, kabla hujafikiri. "Kengele ndiyo inayotutenga na wanyama," alisema. Ukichelewa kushusha mikono, ndimu mia zaidi. Shomari alikuwa mwepesi kuliko wote hata katika hilo.

Sasa gunia lile lile, lenye kiraka pembeni, lilikuwa mbele yetu sakafuni. Wameliweka watu wasimame wapigwe. Hakuna aliyekumbuka lilikuwa la nini.

"Shomari," nikamwita kwa nyuma.

Hakugeuza shingo. Aligeuka mwili mzima, kama kabati. Jicho la kushoto lilikuwa limefungwa tangu zamani. La kulia lilikuwa jekundu na linatoa machozi.

"Nani huyo?"

"Mshamu. Wa kengele."

"Mshamu mwongo?"

"Huyo huyo."

"Nilisikia umekufa."

"Niliwaambia mwenyewe. Nilitaka kuona nani atakuja."

"Nani alikuja?"

"Mbuzi wa jirani. Na yeye alifuata majani."

Alicheka kwa pua, akageuka tena mbele. Watu watano walikuwa wamebaki. Nikauliza habari za jicho. Akasema daktari amemwambia limeshikwa na nyuzi mbili tu, konde moja zito na ataona giza mpaka kaburini. Alilisema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi.

"Basi leo usiipokee ile ngumi," nikasema.

"Nisipoipokea niiweke wapi?"

"Ikwepe."

Mabega yake yakatulia. Wale wazee wa mbele yetu wakageuka kumtafuta mtu aliyetukana.

"Neno hilo usinitamkie," akasema Shomari taratibu. "Shingo yangu ilikwisha raundi ya tisa. Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Ndiyo ninayotaka kukwambia."

Nikamwambia. Sikupamba, na kwangu hiyo ni kazi kama kubeba jiwe la kusagia. Raundi ya tisa nilimwona amelegea kwenye kamba. Goti linakunjika, kidevu kiko nje, damu kidogo kwenye nyusi, mdomo wazi. Mpinzani anakusanya konde la kulia tangu kiunoni. Nikasema moyoni, rafiki yangu anakufa mbele ya macho yangu. Mshale ulikuwa umebakiza sekunde kumi na moja. Nikapiga.

Na Shomari, kwa sababu alifundishwa vizuri kuliko watu wote wa mji ule, akashusha mikono kabla hajafikiri. Konde lilikuwa tayari limeshatoka. Mwenzake hakusikia kengele, alikuwa anasikia damu yake tu. Likatua kwenye jicho la kushoto.

Siku ile ile mji ukatoa hukumu. Mnaona, walisema, mwisho wa kukwepa ni upofu. Akina baba wakawatoa watoto kwa Mwalimu Mponda. Ndimu zikarudi sokoni. Watu wakaanza kujifunza kupokea, wakajenga na ofisi yake. Na jua likakwama pale lilipokuwa, saa nne asubuhi, kwa sababu huwezi kutoa sekunde kumi na moja katikati ya siku halafu utegemee siku iendelee kutembea. Haya yote niliyaona. Nikanyamaza, nikalipwa kiinua mgongo.

"Nilidhani umechoka," nikamwambia.

"Nilikuwa namtia chambo."

"Nimekuja kulijua hilo baadaye."

"Alikuwa anakuja, Mshamu. Alikuwa anakuja mzima mzima, kama mtu anayeingia kwake."

"Ndiyo."

Mtu mmoja alipigwa kule mbele, akashukuru, foleni ikasogea.

"Kila asubuhi," akasema, "naamka naitukana hii shingo kabla sijasema neno lingine. Marehemu mke wangu alikuwa anaipaka mafuta ya nazi. Namwambia acha, mafuta ghali hayo, shingo yenyewe msaliti. Mpaka anafariki bado namzuia." Aliinua mkono wake mkubwa, akaishika shingo kwa nyuma, akauacha mkono pale. "Kumbe kengele."

"Kumbe mimi."

"Ndiyo. Kengele haina mkono." Akavuta pumzi. "Umeziweka wapi hizo sekunde?"

Nikatikisa kopo.

*

Mhakiki aliitwa Sikudhani. Mwanamke wa kama miaka thelathini, kifua kipana, adabu nyingi. Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kukosa, na usione ni sifa, maana hajawahi kumwona mtu anayesogea. Kwake ngumi na uso vilikuwa kitu kimoja chenye sehemu mbili. Kabla ya kumpiga mzee alikuwa anapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Shomari, akapanda juu ya gunia. Nikaona vidole vyake vya miguu, vilivyokuwa wazi kwenye kandambili, vikikipapasa kile kiraka.

"Utanisamehe, baba. Ni kazi."

"Fanya kazi, mwanangu. Na mimi nitafanya yangu."

Karani Lukindo, mtu mwembamba mwenye kalamu sikioni, akainua kichwa. "Yako ipi? Wewe kazi yako ni kusimama."

Nikafungua kopo.

Zilimwagika juu ya gunia, zikaviringika kwenye miguu yake, na ukumbi ukapata harufu ya siku ile: mafuta ya kuchua, karanga za kukaanga, jasho la watu mia nane. Saa ya ukutani, iliyokuwa imelala miaka yote, ikakohoa. Nikatoa nyundo yangu ndogo mfukoni. Nikaanza kuhesabu, kwa sababu ndiyo kazi pekee ninayoijua.

Moja. Shomari akainua mikono. Usidhani alirudi ujana. Nimesema uongo mwingi katika maisha yangu na huo sitausema. Ilikuwa mikono ya mzee, na madoa yake.

Mbili. Sikudhani akarusha ya kwanza, iliyonyooka, kama anavyogonga muhuri.

Tatu. Shingo ikaenda. Si mbali. Upana wa masikio tu. Nilisikia mfupa ukilia kama mlango wa nyumba iliyofungwa muda mrefu, na ngumi ikapita ikatikisa nywele nyeupe za juu ya sikio, ikaendelea, ikafika mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Nne. Sikudhani alitazama mkono wake kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Tano. Ya pili, kwa hasira kidogo. Shomari akaitokea na kiganja, akaisogeza. Pazia.

Sita. Mzee mmoja kwenye foleni akasema kwa sauti ya chini, "Kasogea." Neno likatembea mdomo hadi mdomo mpaka nje ya mlango.

Saba. Hapa ndipo ilipokuwa kesi yangu. Shomari alirudi nyuma mpaka ukingo wa gunia. Goti likakunjika. Kidevu kikatoka nje. Alihema, mdomo wazi, machozi ya lile jicho jekundu yakashuka mpaka kwenye tundu la pua. Sikudhani akakusanya ya mwisho, ya kulia, tangu kiunoni.

Mkono wangu wenye nyundo ukapanda wenyewe.

Nane. Nakwambia ukweli, sikujua. Mtu anayetia chambo na mtu anayekufa wanafanana kabisa. Ufundi wake wote ndio huo, wafanane. Nilimtazama rafiki yangu na sikuona tofauti hata moja. Niliona jicho na nyuzi zake mbili. Nikaona kengele ni huruma, nikaona pia kwamba huruma yangu ndiyo iliyosimamisha jua la watu. Labda kumpenda mtu ni kuishika nyundo hewani, na kumwachia sekunde zake.

Tisa. Nikaishika.

Kumi. Ngumi ikaja mzima mzima, kama mtu anayeingia kwake. Bega la Shomari likazunguka, konde likateleza juu yake, na Sikudhani mwenyewe akapita nyuma ya konde lake, akageuka kwa nguvu ya mzunguko, mkono wa kushoto umeshainuka kwa mazoea, hata yeye hakuutuma.

Kumi na moja. Nikapiga kitako cha kopo.

Haikuwa sauti nzuri. Kopo ni kopo. Lakini ilikuwa kwa wakati wake, na Shomari akashusha mikono kabla hajafikiri. Akasimama wazi, uso mtupu, jicho lake moja likitazama mbele, kama alivyosimama siku ile. Na ile ngumi ya kushoto ilikuwa njiani.

Ikasimama upana wa kidole kutoka kwenye jicho.

"Imelia," akasema Sikudhani. Alikuwa anahema. "Sijui ni nini, lakini imelia."

"Ni kengele, mwanangu," akasema Shomari. "Umefanya vizuri."

*

Karani Lukindo alikwisha chovya kalamu. "Tatu zimerushwa, hakuna iliyotua. Hayupo. Nani anafuata?"

"Andika yupo," akasema Sikudhani.

"Kwa ushahidi gani? Uso hauna alama."

"Mimi nimepiga nyuso za mji huu miaka yote, Bwana Lukindo. Leo ndiyo mara ya kwanza nimekuta mtu."

"Hukumkuta. Umekosa."

"Nimemkosa yeye. Hewa haikwepi." Alinyoosha mkono wake, akaukunjua, akautazama ndani ya kiganja. "Mtu asiyekuwepo angeniachia nipige tu. Huyu alikuwa ananisoma."

Karani akafunua daftari. Kulikuwa na safu mbili, hakukuwa na ya tatu. Alitazama nyuma na mbele, akamtazama Shomari, aliyekuwa amesimama akigeuza kichwa kushoto, akigeuza kulia, polepole, kama mtu anayejaribu kofia mpya. Mwisho Lukindo akaandika "yupo" juu ya mstari unaozitenga zile safu mbili, kwa herufi ndogo, akaiwekea kivuli cha mkono ili tusione.

Juu yetu saa ya ukutani ikasogea. Mwanga wa dirishani uliokuwa umelala kwenye kigae kimoja tangu nikiwa na meno yote ukaanza kupanda kigae cha pili. Nje nilimsikia mtu anasema jua linaunguza upande mwingine wa uso.

"Anayefuata," akasema karani.

Anayefuata nilikuwa mimi. Nikataka kueleza kwamba nina mafua. Shomari akanishika kola, akanipandisha juu ya gunia.

"Hujanisamehe?" nikamwuliza.

"Bado. Nyoosha mgongo. Fungua miguu, si hivyo, unataka kuzaa? Hivyo. Sasa sikiliza. Usitazame ngumi. Tazama bega."

"Nimetazama mabega miaka thelathini na moja."

"Ulikuwa unatazama saa."

Sikudhani akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nina mafua."

Nikatazama bega. Wallahi nilitazama bega. Nililiona likishuka, nikasoma habari nzima, herufi kubwa na ndogo, nikajua inatoka wapi na inakwenda wapi. Halafu nikataka kuhakikisha, nikatupia jicho ngumi.

Nikajikuta sakafuni na suruali yangu safi. Damu puani, nyota za kutosha mbalamwezi mbili.

"Yupo," akasema karani, kwa sauti ya mtu aliyepata nafuu.

Watu wakacheka, wale wazee wote wenye pua zilizolala, kicheko kilichokuwa hakijasikika ukumbini pale. Nikiwa chini niliitazama foleni mpaka mlangoni. Vichwa vilikuwa vinayumba. Kila mzee pale alipo, miguu haitoki, kichwa kinakwenda upana wa masikio, kinarudi, kinakwenda, wengine wamefumba macho. Yule mwenye jino kwenye kitambaa alikuwa anamwonyesha mwenzake kiganja: hivi, si hivi, hivi. Sikudhani alikuwa ameshavua viatu, anauliza wapi zinauzwa ndimu.

Shomari akaniinamia. Aliinama kwa shingo, si kwa mwili mzima.

"Inuka," akasema. "Umetazama ngumi."

Nikapangusa pua kwa mkono, nikainuka, nikarudi juu ya gunia.